Ini lina saa yake: somo kwa wenye kutumika posti ya usiku

Ndugu watumishi, na ninyi mama za nyumba mnaosoma ukurasa huu pamoja nao, leo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mutumishi mmoja wa chini ya udongo alikuja dispanseri saa 6 na dakika 40 ya asubuhi. (Saa ninazoandika hapa ni zile za kartoni ya kuingilia kazini: saa 6 jua linatoka, saa 12 ni katikati ya mchana, saa 22 posti ya usiku inaingia.) Alikuwa anatoka kazini, kofia ngumu ingali mkononi. Toka majuma mawili alikuwa anasikia kiu nyingi na uchovu, na daktari alikuwa amemwandikia kipimo cha sukari ya damu. Nikamwuliza kama tunavyomwuliza kila mtu: "Baba, umekula kitu asubuhi hii?" Akajibu: "Hapana, Monganga, natoka kazini moja kwa moja." Nikamchoma kidole, na mashini ikaonyesha 148. Kwa mtu ambaye hajakula, 126 na kupita ni dalili ya ugonjwa wa sukari. Nikaandika jina la ugonjwa huo kwenye fishi yake. Kwa kipimo kimoja tu!

Kesho yake mke wake akaja. Hakutaka kukaa. Akasema: "Monganga, watoto ni sita. Mkimtoa chini, tutakula nini?" Sikuwa na jibu.

Daktari alipoisoma fishi aliniuliza neno moja: "Mara ya mwisho alikula saa ngapi?" Sikujua. Tukamwita mutumishi, na yeye akaeleza pasipo kuficha: alikula saa 3 ya usiku, wakati wa mapumziko, bukari ya kushiba na samaki, na chupa moja ya kinywaji cha sukari juu yake. Hakunidanganya. Mimi nilimwuliza habari za asubuhi, na asubuhi hakula. Swali langu lilikuwa la mtu anayelala usiku. Mbele yangu alisimama mtu aliyetumika usiku.

Tulimpima tena siku ya mapumziko, nyuma ya kulala nyumbani siku mbili, akiwa hajatia kitu kinywani toka saa 19 ya jioni. Kipimo kikaonyesha 107. Ugonjwa wa sukari hakuwa nao, ila ni mtu wa kuangaliwa kila mara. Jina la ugonjwa likafutwa kwenye fishi, na mama yule akapata usingizi.

Lakini swali likanibakia. Toka saa 3 mpaka saa 6 na dakika 40 ni karibu masaa manne. Mtu mzima akila sahani ileile saa 12 ya mchana, kwa kawaida nyuma ya masaa mawili au matatu sukari imeshuka karibu na pale ilipokuwa. Kwa nini bukari ya usiku inakawia hivi katika damu? Jibu moja ni kwamba usiku kongosho linatoa insulini kidogo kuliko mchana. Jibu lingine liko ndani ya ini, na hilo ndilo somo la leo.

Gala ya mwili

Ini, wengine wanasema maini, liko upande wa kuume, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo 1 na nusu. Damu inayotoka matumboni na chakula chake inapita kwanza ndani ya ini, mbele ya kufika mahali pengine. Ini linapokea sukari ya bukari, linaweka sehemu yake akiba. Akiba hiyo ni karibu gramu 100 kwa mtu aliyekula vizuri. Sukari ikizidi, ini linaigeuza kuwa mafuta. Wakati wa kulala, ambapo hakuna chakula kinachoingia, ini linafungua gala na kutoa sukari kidogo kidogo, ili ubongo usikose; na akiba ikipungua linatengeneza sukari mpya kwa vitu vingine. Linachuja pia sumu, dawa na pombe.

Sasa angalia: kupokea na kutoa ni kazi mbili zinazopingana. Mlango mmoja hauwezi kuingiza magunia na kutoa magunia kwa saa ileile pasipo fujo. Ndiyo maana ini linatumika kwa posti, kama sisi.

Nani anapiga king'ora cha kubadili posti?

Chembe ya ini ina kiini, na ndani ya kiini kuna jeni. Jeni ni maagizo ya namna ya kutengeneza vifaa vya mwili. Chembe ya ini ina maagizo maelfu na maelfu, lakini haiyasomi yote kwa wakati mmoja. Saa fulani inasoma agizo la kuweka sukari akiba, na saa nyingine inafunga agizo hilo, inafungua lile la kutoa sukari. Wataalamu waliopima ini la panya kila masaa machache, mchana na usiku, walichapisha hesabu yao mwaka 2014: jeni zaidi ya 3000 za ini zinapanda na kushuka kwa mzunguko wa siku moja. Mwaka 2018 wengine walichapisha kazi kama hiyo juu ya nyani. Nyani anaamka mchana kama sisi. Kwake pia, jeni nyingi sana za mwili zina saa zao za kusomwa.

Kinachopiga king'ora ni saa iliyo ndani ya chembe yenyewe. Habari yake ilianza kwa inzi wadogo, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva. Mwaka 1971, huko California, Ronald Konopka na Seymour Benzer walipata inzi ambao mpango wao wa siku ulikuwa umeharibika kwa sababu ya jeni moja. Mwaka 1984 jeni hiyo ilipatikana na Wamarekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, na kazi yao juu ya saa hiyo ikawapa zawadi ya Nobel ya udaktari mwaka 2017. Sisi wanadamu tunayo mashini ya namna hiyohiyo.

Inatumika hivi. Vifaa viwili, BMAL1 na CLOCK, vinashika uzi wa jeni na kuagiza vifaa vingine viwili vitengenezwe, PER na CRY. Hivi vya pili vinaongezeka polepole. Vikiwa vingi vinarudi ndani ya kiini na kuwazuia wale wakubwa waliowaagiza. Uagizaji unasimama. PER na CRY wanachakaa, wanaisha, na wale wakubwa wanaanza tena kuagiza. Mzunguko mzima unachukua karibu masaa 24. Ni kama ekipi ya kwanza inayoiita ekipi ya pili, na ekipi ya pili ikifika inaizima mashini ya wale walioiita. Njiani, saa hiyo inawasha na kuzima jeni zingine mamia kwa mamia.

Saa mbili katika mwili mmoja

Saa yoyote, hata ya bei kali, inataka kurekebishwa. Nani anairekebisha saa ya mwili? Zamani watu walidhani ni jua tu. Na ni kweli kwamba ndani ya kichwa, nyuma ya macho, mahali ambapo mishipa ya macho inapishana, kuna kifungu kidogo cha chembe karibu 20 000 ambacho kinapokea habari za mwanga. Hiyo ndiyo saa kubwa, saa ya kichwa. Inasema: kumekucha, amka, giza limeingia, lala.

Mwaka 2000, huko Genève, Uswisi, Profesa Ueli Schibler na wenzake waliwapa panya chakula mchana tu. Lazima nieleze jambo hapa: panya ni mutumishi wa posti ya usiku toka kuzaliwa. Usiku anakula, mchana analala. Kumlisha mchana ni sawa na kukulisha wewe saa 2 ya usiku. Nyuma ya siku chache wakatazama jeni. Saa ya kichwa haikusogea, ilifuata mwanga kama mbele. Lakini saa ya ini ilikuwa imegeuka kabisa, masaa 12! Ini liliacha kumfuata mkubwa wake wa kichwani, likafuata chakula. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani wakaonyesha jambo hilohilo kwa panya wakubwa: kwa siku mbili tu za chakula cha saa mbaya, saa ya ini ilisogea masaa 10.

Mjumbe mmoja anayepeleka habari kwa ini ni insulini, ile inayotoka katika kongosho ukisha kula. Insulini ikifika, chembe za ini zinaongeza kutengeneza PER, na mshale wa saa unasogea. Kwa maneno mengine, kila sahani kubwa unayokula ni kidole kinachogusa mshale wa saa ya ini.

Tuelewane vizuri: si chakula peke yake kinachowasha jeni, wala si saa peke yake. Mwaka 2009, huko California, kundi la Satchidananda Panda lilijaribu pande zote mbili. Panya wenye saa nzima waliponyimwa chakula, jeni nyingi za ini ziliacha kupanda na kushuka, zikabaki chache tu. Na panya waliozaliwa na saa iliyovunjika, walipolishwa kwa saa zilizopangwa, baadhi ya jeni za ini lao zilirudi kwenye mpango. Saa na chakula ni watu wawili wanaobeba ngazi moja. Mmoja akienda mbele na mwingine nyuma, ngazi inaanguka.

Jambo moja zaidi la Genève, ambalo lilinishangaza mimi niliyefundishwa shuleni kwamba ini la mtu mzima halibadiliki ukubwa. Mwaka 2017 walichapisha kwamba ini la panya linakua kila usiku, wakati wa kula, kupita theluthi moja ya ukubwa wake, kisha mchana linarudi dogo. Chembe zenyewe zinavimba na kupungua, kwa sababu zinaongeza mashini za kutengenezea protini wakati kazi ni nyingi. Panya waliolishwa mchana tu, ini lao likaacha mchezo huo. Likabaki palepale.

Mafuta juu ya ini

Ubaya wake ni nini basi, kama ini linaweza kugeuza saa yake? Ubaya ni kwamba mwili mwingine haukugeuka nalo. Saa 3 ya usiku kichwa kinasema ni usiku, kongosho linatoa insulini kidogo, na wakati huohuo tumbo linaleta sahani ya mchana. Sukari inakosa mahali pa kwenda haraka, inazunguka ndani ya damu. Usiku mmoja si kitu. Miaka kumi ya posti ni habari nyingine.

Mwaka 2012 kundi lilelile la California liligawa panya wa namna moja makundi mawili, wote wakapewa chakula chenye mafuta mengi. Kundi la kwanza lilikula saa yoyote, mchana na usiku. La pili lilipewa masaa 8 tu, ndani ya usiku wao. Wote walikula kiasi sawasawa. Nyuma ya miezi michache kundi la kwanza lilinenepa, ini likajaa mafuta, insulini ikapanda juu. Kundi la pili lilibaki na mwili mzuri na ini safi kuliko wenzao. Chakula kilekile, tofauti ni saa.

Mtasema: Monganga, sisi si panya. Ni kweli, nami nilisema hivyo pia. Ndiyo maana napenda zaidi kazi ya Boston ya mwaka 2021. Watu 19 wenye afya waliingia nyumba ya majaribio, wakafanyizwa posti za usiku. Wengine walikula usiku na mchana kama wafanyavyo wenye kutumika usiku. Wengine walikesha vilevile lakini chakula chao kilikuwa mchana tu. Kwa waliokula usiku, sukari ya damu ilipanda kwa asilimia 6,4. Kwa waliokula mchana tu, haikupanda kwa kiasi cha kuhesabiwa. Na wote walikesha sawasawa! Watu 19 ni wachache, na siku zilikuwa chache. Lakini jambo hili linatuhusu sisi kuliko panya mia.

Mwaka 2022 tena, wazima-moto wa San Diego, Marekani, wanaotumika masaa 24 mfululizo, waliombwa kula chakula chote ndani ya masaa 10 ya siku kwa majuma 12. Waliweza. Wale waliokuwa na sukari ya juu au damu yenye nguvu nyingi ndio waliopata faida zaidi.

Tufanye nini sisi wa posti tatu?

Yule mutumishi wa 148 alikuja kuniuliza swali hili, na mke wake safari hii akakaa kitini. Tulipanga hivi. Juma la usiku, bukari ya kweli, na sombe au maharagi au samaki, anaila saa 18 na nusu pamoja na watoto, mbele ya kutoka. Anaondoka akiwa ameshiba. Kati ya saa 24 na saa 5 anakunywa maji. Njaa ikimshika sana, anakula kalanga za kujaa mkono au yai moja la kuchemsha, basi. Akirudi asubuhi anakula kidogo, ili njaa isimwamshe, kisha analala mahali pa giza. Saa 14 au 15 anaamka na kula tena vizuri.

Mama aliniambia: "Lakini Monganga, mimi nilikuwa namfungia sahani ya usiku kwa mapendo." Najua, mama. Mwanamume anaingia udongoni usiku, na wewe nyumbani unamwonea huruma. Sahani ile ni huruma yako. Nilimwambia asogeze sahani ileile masaa manane na nusu nyuma, isipungue hata tonge. Siwaambii watu wakonde. Mwenye kubeba, kuchimba na kupanda ngazi anataka chakula cha kutosha, na akinyimwa ataanguka.

Kwa nini tusigeuze ini lote liwe la usiku, kama panya wa Genève? Kwa sababu posti zetu zinazunguka. Juma hili usiku, juma lijalo asubuhi, na siku ya mapumziko unataka kula na jamaa. Saa ya kichwa inasogea polepole, karibu saa moja kwa siku, na jua la asubuhi ukitoka kazini linairudisha tena. Ni heri chakula kibaki upande wa mchana majuma yote, ili saa ya ini isikimbiekimbie.

Juu ya pombe nitasema kidogo. Bia ya asubuhi "ya kuleta usingizi" inalipa ini kazi ya kuchuja sumu saa ileile linapotaka kutulia, na usingizi wake ni wa kukatika. Vinywaji vya sukari vya saa 3, ambavyo vinauzwa sana karibu na lango, ni sukari tupu kwa saa mbaya kuliko zote. Siwalaumu mama wanaouza. Wanauza kile mnachonunua. Waombeni mayai. Na madereva wasisahau: kati ya saa 3 na saa 5 usingizi una nguvu sana, na tumbo zito linausaidia.

Kuna watu ambao wasibadili saa za chakula pasipo kuonana na daktari: mwenye kuchoma insulini au kumeza vidonge vya sukari, kwa maana sukari inaweza kushuka na kumwangusha, mama mwenye mimba au anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa malaria anayepewa kinini, kwa maana kinini nayo inashusha sukari. Watoto wadogo mpango huu hauwahusu hata kidogo, wao wale kila mara wanapostahili.

Mkija kupimwa sukari

Tangu kosa lile, nauliza swali kwa namna nyingine: "Mara ya mwisho kitu cho chote isipokuwa maji kiliingia kinywani saa ngapi?" Lazima masaa 8 yapite. Kalanga zinahesabiwa. Chai yenye sukari inahesabiwa. Mwenye kutumika usiku asije akitoka kazini. Aje siku ya mapumziko, nyuma ya kulala usiku nyumbani, hata kama fishi inasema tarehe nyingine. Tutabadili tarehe. Na kipimo kimoja kikiwa cha juu, bado hatuandiki jina la ugonjwa mpaka cha pili, siku nyingine.

Kwenye meza ya dispanseri nimeweka karatasi zenye mistari 24, mstari mmoja kwa kila saa. Chukua moja, andika kwa siku saba saa uliyokula na kitu ulichokula, siku za posti na siku za mapumziko. Asiyejua kuandika, mtoto wa shule amwandikie. Kisha ulete tuitazame pamoja.